Siku Nilipomwokoa Mwimbaji Asiyetaka Kuokolewa

Video ipo, jamani, kwa hiyo hata nikitaka kuwadanganya siwezi. Meneja alirekodi kwa simu yake, Prosi anayo, Kevo anayo, na juzi juzi nimeikuta kwenye kundi la watu wa Mbeya (Mbeya! nyumbani kabisa!) imeandikwa "Kijana wetu anang'ara Dubai". Bora niwaambie mwenyewe kwa mdomo wangu ilikuwaje, maana kwenye hiyo video naonekana nimefurahi, tena nimefurahi mpaka nimefumba macho, na hapo ndipo aibu inaponishika hadi leo.

Kwanza mnijue. Mimi ni mlinzi, wakati huo nalinda geti la nyuma la hoteli moja ya Dubai, lile wanalopitishia mboga, mashuka machafu na sisi wafanyakazi. Pia ni mpiga kinanda wa kanisa tangu miguu haijafika chini nikikaa kwenye kiti. Sasa mtu akishapiga kinanda kanisani miaka yote hiyo anapata ugonjwa mmoja, hawezi kuvumilia kimya. Mchungaji akianza kuomba, mikono inaanza yenyewe, chini chini, inamsindikiza. Mtu wa ushuhuda akikwama, unamjazia. Mwimbaji akisahau maneno, unamfunika kwa kinanda mpaka akumbuke, waumini wasijue kitu, na baada ya ibada anakuja kukushika mkono anakwambia Mungu akubariki sana. Kimya kikiingia kanisani kwetu watu wote wanageuka kumtazama mpiga kinanda, kana kwamba amesinzia kazini.

Basi mimi mikono yangu haijawahi kutulia. Kwenye basi la kampuni napiga kwenye goti, getini napiga kwenye meza, usingizini napiga kwenye chuma cha kitanda. Kevo, Mkenya ninayekaa naye chumba kimoja Al Qusais, yeye mhudumu wa mgahawa pale pale hotelini, alishachoka. "Buda, tulia basi," ananiambia kutoka kitanda cha juu. "Hizo nyimbo zako zinanifikia hadi kwa mgongo."

Ndipo akaja yule dada. Mskoti, kijana tu, nywele nyekundu zimefungwa hovyo, gitaa mgongoni, na sanduku ambalo gurudumu lake moja lilikuwa limekufa kwa hiyo analiburuta linalia kama mbuzi. Jina lake Eilidh, ila linatamkwa Eili tu (zile herufi nyingine nadhani wameziweka kwa urembo). Wanamuziki wanapita geti langu, kwa hiyo kila jioni namfungulia, nampa kadi ya mgeni, tunaongea kidogo. Kiingereza chake mwanzoni nilikuwa nakidaka nusu, nusu nyingine namalizia kwa kutabasamu.

Ni mtunzi, anaimba nyimbo zake mwenyewe, zile za kwao za kusimulia hadithi, taratibu, gitaa na sauti. Hana kampuni nyuma yake, hana wakala, hana mtu. CD zake za kwanza alirekodi jikoni kwa rafiki yake, friji wamelizima lisisikike, na makasha yake ameyashona mwenyewe kwa sindano na uzi. Alinipa moja, ninayo. Kwao alikuwa anazunguka na gari bovu analala humo humo, anaimba kwenye baa ambako watu wanaagiza bia kwa kupiga kelele juu ya sauti yake. Hapa hoteli ilimchukua kwa majaribio. Sir Nabil, meneja wa burudani, alimwambia wazi: Alhamisi hii nitakaa mwenyewe nisikilize onyesho lote, nikiridhika, unakuwa wa kwetu msimu wote wa baridi. Nisiporidhika, khalas, unarudi kwenu. Na Eili aliutaka huo msimu kufa na kupona, maana ndio ungemwezesha kurekodi albamu yake ya kwanza ya kweli, studio, siyo jikoni. Asipoupata, aliniambia, anarudi kufanya kazi dukani kwa mjomba wake na gitaa analiweka juu ya kabati.

Sasa Jumatano yake akaja getini macho mekundu. Mpiga piano aliyepewa na hoteli alikuwa kalazwa hospitalini, tumbo limemchafuka vibaya. "Nyimbo tatu zinahitaji piano," akasema, "na Sir Nabil anapenda piano. Nimekwisha, Tumaini."

Hapo, ndugu zangu, ndipo nilipotakiwa kukaa kimya. Ningemwambia pole sana, nikampa kadi yake ya mgeni, akapita, na leo msingekuwa mnanicheka. Lakini nimeshawaambia kuhusu mimi na kimya. Mdomo ukasema, "Mimi napiga piano."

Akanitazama, mimi na kofia yangu ya ulinzi na redio ya kifuani. "Kweli?"

"Kweli kabisa, madam. Naweza."

"Usiniite madam," akasema, halafu akanikumbatia, redio ikaanza kukoroma.

Tulifanya mazoezi mara moja tu, mchana wa Alhamisi, ukumbi ukiwa mtupu. Na niwaambie ukweli, nilipiga vizuri! Nyimbo zenyewe si ngumu, ki moja (yaani ngazi ile ile ya sauti) mwanzo mwisho, unaingia, unatoka. Akanieleza kwamba wimbo wa mwisho nisiuguse, ni wa gitaa peke yake. Unamhusu bibi yake. Mume wa bibi alienda kufanya kazi kwenye visima vya mafuta huku huku Ghuba, zamani, na alikuwa anapiga simu mara chache sana, na siku moja simu ikalia, bibi akapokea, upande wa pili hakuna aliyesema kitu. Nikamwambia sawa, wimbo wa mwisho siugusi. Hatukuuimba, muda ulikuwa umekwisha, mafundi walikuwa wanataka kupanga viti. Mngeniuliza hapo ningeapa mbele ya askari kwamba nimeelewa.

Kevo akaniazima koti lake jeusi. "Usiniharibie hiyo koti, kesho niko na shift," akasema. Suruali nilikuwa nayo. Viatu sikuwa navyo, kwa hiyo nikavaa vile vile vya ulinzi, mabuti yenye soli nene, nikajipa moyo kwamba piano itayaficha (piano haifichi viatu, piano inaviweka mbele ya watu, hilo nililigundua nimeshakaa).

Na Prosi? Prosi ni Mganda, anafanya usafi wa vyumba pale hotelini, na kwaya yetu nzima anaiongoza yeye. Sauti yake haihitaji kipaza sauti, kipaza sauti ndicho kinachomhitaji. Aliposikia napiga ukumbini akasema lazima aje aone, akaegesha kitoroli chake cha mashuka nyuma ya mlango wa huduma, akauacha mlango wazi kidogo, akasimama pale na wenzake wawili wa kwaya. Nilipomwona moyo ulitulia, jamani. Nikajiona niko kanisani.

Hilo ndilo lilikuwa tatizo.

Ukumbi ulikuwa umejaa kiasi, wazee wa Kizungu na wake zao, familia moja ya Kihindi, na mbele kabisa Sir Nabil, mguu juu ya mguu, kahawa mkononi. Eili akaanza na gitaa peke yake, wimbo wa kwanza, vizuri. Wa pili nikaingia mimi, vizuri. Halafu akaweka mkono juu ya gitaa akaanza kuongea. Nyimbo zake ndivyo zilivyo, kumbe, kabla ya baadhi yake anasimulia kisa, na kwenye mazoezi hakusimulia kwa sababu hakukuwa na wa kumsimulia. Sasa mtu kasimama mbele ya watu, anaongea kwa hisia, na mimi nimekaa kwenye kinanda. Mnategemea nini?

Mikono ikaanza. Chini chini tu, taratibu, ile ya mchungaji anapokaribia kuwaita watu mbele. Eili akageuka akanitazama. Nikadhani ananipa moyo, nikaongeza kidogo. Nyuma ya mlango wa huduma nikasikia sauti nyembamba ya Prosi, "Ameen."

Wazee wa Kizungu wakatabasamu, nafikiri walidhani ndivyo kulivyo huko Uskoti. Eili akakatisha kisa, akaingia kwenye wimbo haraka haraka. Na kwenye ubeti wa mwisho wa wimbo ule mimi nikapandisha ki. Si kwa kukusudia! Ubeti wa mwisho kanisani kwetu unapandishwa, usipopandishwa watu wanajua umechoka. Yeye na gitaa lake wakabaki chini, mimi niko juu, ikawa kama watu wawili wanaobishana kwenye ngazi, akanikimbilia, akanifikia, shingo imemwiva. Aliponiinamia watu wakipiga makofi akanong'ona, "Tumaini, unafanya nini?"

"Usiwe na wasiwasi," nikamwambia. "Niko na wewe."

Basi tukafika wimbo wa mwisho. Nikaweka mikono kwenye mapaja, karibu niikalie, maana nilikumbuka, siugusi. Akaimba. Na jamani, ule wimbo. Mimi Kiingereza chake nilikuwa nadaka nusu lakini jioni ile nilidaka chote. Bibi yuko jikoni, sufuria iko motoni, simu inalia ukutani, anafuta mikono kwenye aproni, anapokea, anasema "ni wewe?"

Halafu akanyamaza.

Gitaa likanyamaza. Ukumbi wote ukanyamaza, hata mashine ya kahawa. Mzee mmoja alikuwa amenyanyua kikombe, akabaki nacho hewani. Sir Nabil alishusha mguu chini. Na Eili amesimama, amefumba macho, hasemi kitu, hapigi kitu, na kile kimya kinazidi kurefuka, kinarefuka, na mimi jasho linanitoka ndani ya koti la Kevo.

Nikajiambia, Mungu wangu, kasahau maneno.

Mtoto wa watu kasahau maneno mbele ya Sir Nabil, kwenye wimbo wa bibi yake mwenyewe! Na mimi nimekaa tu hapa? Mimi, ambaye nimewafunika wazee wa kanisa, nimemfunika askofu mzima aliyesahau jina la bwana harusi, nimwache huyu aaibike?

Nikamwokoa.

Niliingia na mkono wa kushoto kwanza, kwa nguvu kidogo ili ajue nipo. Akafumbua macho. Hakuimba. Nikasema huyu kachanganyikiwa kabisa, nikazungusha tena, nikampa nafasi ya kuingilia, nikatikisa kichwa kumwonyesha ingia, ingia sasa, hakuingia, amenikodolea macho tu mdomo wazi. Ukifika hapo kanisani unafanya kitu kimoja tu, unashusha pambio, yoyote ile ambayo kila mtu anaijua, ili watu waimbe na mwimbaji apate kupumua. Nikashusha pambio. Na nyuma ya mlango Prosi, aliyezaliwa kwa ajili ya dakika ile, akasukuma mlango wote kwa kitoroli akatoka nacho, sare ya usafi na glavu zake za mpira, akaipokea kwa sauti ya kutikisa vikombe, wenzake wawili nyuma yake wanapiga makofi.

Nifanyeje tena? Pambio ikishapokewa haizuiliki. Nikaingia sebene. Mkono wa kulia unatembea wenyewe, mabuti yanagonga sakafu, yule mzee wa kikombe kasimama anacheza na mkewe, familia ya Kihindi inapiga makofi, Prosi anazungusha taulo juu ya kichwa, na Sir Nabil amenyanyua simu anarekodi. Mimi nimefumba macho. Nilikuwa na furaha ambayo sijaipata tangu nishuke kwenye ndege, siwafichi, nilijisikia mtu. Nilipofumbua, stuli ya Eili ilikuwa tupu, na gitaa lake halipo.

Watu wakashangilia kweli kweli. Sir Nabil akaja ananipiga mgongoni. "Habibi! Wallah, hiki ndicho nilikuwa nakitafuta! Hii ya mwisho, kila Alhamisi, wewe na yule mama wa taulo. Bila zile za kulia."

Kusema kweli moyo uliruka. Msinihukumu, nimekaa getini nikihesabu magunia ya viazi muda mrefu. "Na yule dada?" nikauliza.

"Yule khalas," akasema, kama mtu anayefunga dirisha. Halafu macho yake yakashuka taratibu mpaka kwenye mabuti yangu, yakakaa pale, yakapanda tena usoni. "Wewe," akasema. "Wewe si wa geti?"

Nikageuka nikaenda kumtafuta Eili. Nilimkuta kule kule nyuma, getini kwangu, amekaa juu ya sanduku lake bovu karibu na makreti ya nyanya, na mlinzi wa zamu anajifanya hamwoni. Nikasimama. Nikaanza kuongea, bila shaka, nikaongea sana, kwamba pole, kwamba hutokea, kwamba hata waimbaji wakubwa husahau, kwamba asijali.

"Kusahau nini?" akasema.

"Maneno. Ulisahau maneno. Nilikuwa nakufunika."

Akaanza kucheka, akacheka mpaka akaegemea makreti, na katikati ya kucheka pale pale ikageuka kilio. "Sikusahau," akasema. "Wimbo ndivyo ulivyo. Bibi kashika simu, hakuna anayesema kitu. Pale ndipo wanatakiwa wamsikie." Akajifuta kwa mkono wa shati. "Nimeimba ule wimbo kwenye kila baa ya nchi yangu, Tumaini. Hakuna aliyewahi kuninyamazia. Mtu atacheka, mtu ataagiza bia, sijawahi kukipata kile kimya hata siku moja. Leo walinyamaza. Wote. Ilikuwa mara ya kwanza."

Hapo sasa mimi ndiye niliyekosa maneno. Aibu ya mabuti, aibu ya taulo, aibu ya Sir Nabil, zote zilikuwa mchezo. Nilitamani ardhi ya lile geti ipasuke inimeze na makreti yake. Mlinzi wa zamu akakohoa. Eili akasimama, akaburuta sanduku lake, akanirudishia kadi ya mgeni mkononi kama kila siku, akasema, "Usiku mwema," na akaondoka. Jumamosi akapanda ndege.

Alhamisi zangu hazikuwepo tena, msiulize. Sir Nabil alipiga simu kwenye kampuni ya ulinzi kuuliza wana walinzi wangapi wanaoacha geti waende kucheza piano (nilikuwa sina zamu, lakini nani alisikiliza), na wiki ile ile nikahamishiwa Dubai Investments Park, kwenye ghala la vigae. Prosi alipewa onyo na msimamizi wake, na mpaka leo anasema alikuwa ndani ya upako na hajuti. Kevo alikuta mshono wa kwapa wa koti lake umeachia.

Ghala la vigae, jamani. Hakuna piano, hakuna mboga, hakuna wa kumpa kadi. Kuna vigae, na vigae haviongei. Wiki za mwanzo nilidhani nitachanganyikiwa, nilikuwa napiga mapambio kwenye mabox mpaka vidole vikaota sugu.

Mwaka ukapita, ukaenda. Siku moja simu ikatikisika, ujumbe wa Eili, hakuna salamu, wimbo tu. Kazi ya dukani aliifanya, akajirekodi tena jikoni kwa rafiki yake, kautoa mwenyewe mtandaoni kama kawaida yake. Nikaweka simu juu ya meza ya ghala nikasikiliza. Sufuria, simu ya ukutani, aproni, "ni wewe?" Halafu kile kimya kikaja.

Vidole vyangu vikaanza juu ya meza. Nawaapia, vilianza. Nikaichukua mikono yote miwili nikaikalia, nikakaa hivyo, mtu mzima na sare yangu, na kwenye kile kimya nikamsikia bibi wa watu akipumua, sijui ni yeye Eili anapumua sijui ni mimi, na nikamkumbuka mama yangu, jinsi kila nikimpigia nampigisha domo tangu salamu mpaka kwaheri, umekula, kuku wazima, mvua imenyesha, kwa kuogopa atanyamaza na nitasikia jinsi anavyonikumbuka. Nililia, sina haja ya kuficha.

Wimbo ulipoisha nikashuka chini kuangalia majina ya waliomsaidia. Lilikuwa jina la mwenye jiko, jina la aliyezima friji, halafu mstari wa mwisho: "Piano: Tumaini, ambaye safari hii ametulia."

Tangu hapo nimeweka nadhiri, na naitimiza kwa taabu. Ijumaa iliyopita (huku ibada yetu ni Ijumaa) Mchungaji alianza kuomba, mimi nikaondoa mikono kwenye kinanda nikaikalia. Kanisa zima likageuka kunitazama. Mchungaji akafumbua jicho moja. "Tumaini, umeme umekatika?"

"Hapana, Mchungaji," nikamwambia. "Endelea tu. Nakusikiliza."